Mifupa ya Sikandar Bagh

Hebu itazame picha hii ya Sikandar Bagh, mjini Lucknow, India. Jumba limetobolewa na mizinga, uani mafuvu na mbavu zimetapakaa. Utadhani vita viliisha jana.

Wapi! Wanajeshi wa Uingereza waliua waasi wapatao 2,000 hapo Novemba 1857. Felice Beato, mpiga picha, alifika Lucknow Machi 1858. Ofisa mmoja wa utawala huo, George Campbell, aliandika baadaye kwamba mifupa ilifukuliwa ndio ipigwe picha. Yaani hata kaburini hawakuachwa.

Lakini mimi huwaangalia zaidi wale Wahindi wachache walio hai pale uani. Wametulia tuli, maana kamera za enzi hizo hazikutaka mtu atikisike. Nani aliwaambia wakae hapo?