Fedha za Afya na Vyama vya Matonge

Wengi wetu tunaijua Chaussée d'Ixelles kwa saluni, vitenge na pondu ya Jumamosi. Sehemu ya karibu na Porte de Namur huitwa Matonge, jina lililotoka Kinshasa. Wakongomani walianza kuzoea mitaa hii baada ya Maison Africaine, bweni la wanafunzi, kufunguliwa hapa Ixelles mwaka 1961. Kiswahili kimo pia, ingawa Kilingala kinasikika zaidi. Ila kuna historia nyingine ya mtaa huu, ile ya UKIMWI, ambayo wazee wetu huitaja kwa sauti ya chini.

Mwaka 1983 Nathan Clumeck na wenzake wa Hospitali ya Saint-Pierre, si mbali na hapa, waliandika katika jarida la Lancet kuhusu wagonjwa Waafrika wenye UKIMWI. Wakati huo wengi walidhani ugonjwa huo unawahusu wanaume wanaopendana tu, kwa hiyo habari hiyo ilikuwa na uzito. Lakini nje ya hospitali ilisikika vingine: Mwafrika akaanza kuogopwa. Sasa nani angeingia saluni kuzungumzia kondomu na kupima bila kuonekana anamshutumu mtu? Bango la serikali lisingeweza.

Watu wetu hawakungoja ruzuku ili wajipange. Likelemba ilikuwapo, na michango ya matanga ilikuwapo. Lakini likelemba hailipi mshahara wa mhamasishaji. Tangu mwaka 1980 kinga ya magonjwa nchini Ubelgiji iliwekwa chini ya jumuiya za lugha, na sheria ya Julai 1997 ya upande wa Kifaransa ikaipa nafasi kazi ya afya inayofanywa pamoja na wananchi wenyewe. Ndivyo shirika kama Siréas, la hapahapa Ixelles, lilivyoweza kuwa na huduma yake ya SidAids Migrants, inayowalenga wahamiaji.

Ruzuku ndogo hufanya nini? Chama kilichokuwa kikiishi ndani ya mkoba wa katibu kinapata chumba, simu, na mtu mmoja wa kulipwa. Katibu anajifunza kutunza hesabu na kuandika ripoti (kwa Kifaransa cha ofisini, ambacho hata sisi tuliosoma hapa kinatutoa jasho). Anayekuja kuuliza kuhusu kipimo anauliza pia kuhusu makaratasi na nyumba.

Kinachotukera ni kwamba fedha huja kwa jina la ugonjwa. Mradi ukiisha, mhamasishaji anaondoka na marafiki aliowajenga saluni kwa miaka. Baada ya mageuzi ya mwaka 2014 madaraka hayo yalihamia kwa COCOF, chombo cha Wafaransafoni wa Brussels, nayo ikatunga sheria yake mwaka 2016. Vyama vikalazimika kujifunza mlango mpya wa kubisha.

Mwaka 2021, basi za chanjo ya COVID-19 zilipozunguka Brussels, serikali ilihitaji tena watu wa aina ileile: wale ambao msusi anawaita kwa jina.