Kutoka Hamukungu hadi Mpondwe: Msafiri anunue nini, na kwa nani?

Msafiri anayeshuka Zanzibar huelekezwa mara moja: Darajani kwa viungo, vichochoro vya Mji Mkongwe kwa kanga na vinyago. Anayefika Hamukungu, kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George magharibi mwa Uganda, haelekezwi popote. Hupiga picha za nyati na mitumbwi, hunywa soda, kisha hurudi hotelini. Kumbukumbu huzinunua siku ya mwisho, kwenye uwanja wa ndege wa Entebbe, kwa bei ya uwanja wa ndege.

Hasara hiyo ni ya pande mbili. Hamukungu imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, iliyotangazwa mwaka 1952. Wakazi wake hawana ruhusa ya kulima kama wenzao wa milimani. Wanategemea samaki na ng'ombe, na ng'ombe hao huwindwa na simba. Mwezi Aprili mwaka 2018, simba 11, wanane kati yao wakiwa watoto, walikutwa wamekufa karibu na kijiji hiki, ikaelezwa kuwa walilishwa sumu. Sheria inaagiza asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi irejeshwe kwa jamii jirani, lakini fedha hizo hupitia serikali za mitaa kabla ya kuwa darasa au zahanati. Shilingi inayomfikia mwanakijiji mkononi, siku ile ile, ni ile ya mnunuzi.

Hamukungu yenyewe si mahali pa maduka. Kilichopo ni samaki: ngege, kambare, mamba. Ngege aliyekaushwa ni zawadi ya kumpelekea mwenyeji wako Kasese au Kampala, si ya kupanda nayo ndege. Usinunue samaki wachanga hata wakiwa rahisi, kwa kuwa uvuvi wao ni kosa kisheria na muuzaji ndiye atakayeumia. Na ukiambiwa kuwa sangara amevuliwa hapo, shaka. Samaki huyo si wa Ziwa George.

Si mbali na hapo, kwenye njia ya Kasenyi, kuna ziwa dogo la chumvi liitwalo Bunyampaka, lililo ndani ya kasoko ya volkano. Juu yake, mahali ambapo magari ya watalii husimama, huuzwa kazi za mikono. Waongozaji wengi huwapa wageni dakika tano tu pale, omba ishirini.

Kikorongo panastahili zaidi. Ni njia panda inayotenga barabara ya Mbarara na ile ya Bwera, karibu na mahali mstari wa ikweta unapokatiza barabara, penye duara mbili za saruji ambazo kila mgeni hupigiwa picha. Kikundi cha wanawake wa Kikorongo husuka vikapu, mikeka na bakuli kwa nyuzi za mimea, na hutengeneza shanga kwa karatasi zilizokwisha kutumika. Karatasi hukatwa vipande vyembamba vya pembetatu, huviringishwa, hugundishwa, kisha hupakwa vanishi. Shanga ya karatasi ni nyepesi, na ukiitazama kwa karibu utaona tabaka zake. Ya plastiki haina tabaka. Kwa kikapu, kigeuze utazame kitako, kwa maana msukaji aliyeharakisha huanza vibaya katikati. Ukiwa na muda, omba kufundishwa kusuka. Utalipia somo, na baada ya saa nzima ya kuhangaika na duara la kwanza hutathubutu tena kusema kikapu ni ghali.

Vinyago vya mbao ni habari nyingine. Vingi vinavyouzwa Uganda vimechongwa Kenya. Hilo si kosa, bali si ukumbusho wa Rwenzori. Kitu cha Rwenzori hasa ni kahawa ya arabika, inayolimwa na Wakonzo kwenye miteremko ya mlima. Vyama vya ushirika, kama ule wa Bukonzo Joint ulioko Kyarumba, vimewawezesha wakulima kuuza kwa pamoja badala ya kumwachia mchuuzi kahawa ikiwa bado mtini. Mjini Kasese, uliza kahawa iliyokaangwa, utazame tarehe ya kukaangwa.

Kisha Katwe. Chumvi ya hapa ilikuwa ikisafirishwa mbali na kupiganiwa na wafalme kabla Mwingereza hajafika. Lugard alijenga ngome juu ya mji huu mwaka 1891 kwa sababu hiyo hiyo. Hadi leo huchimbwa kwa mikono, katika vishamba vya maji vilivyotengwa kwa matope na miti, na maji hayo makali huchubua ngozi ya anayeshinda ndani yake. Kuna mabamba ya kijivu ya kulambwa na mifugo, na kuna chumvi nyeupe ya chakula. Nunua kidogo kwa mchimbaji mwenyewe, wala usibishanie bei. Mfuko mmoja kwako ni pambo la jikoni, na kwake ni sehemu ya mavuno yanayoharibika mvua kubwa ikinyesha. Fahamu pia kuwa chumvi hiyo haijatiwa madini joto, hivyo isichukue nafasi ya chumvi ya kila siku nyumbani.

Anayetaka bei nafuu aende Mpondwe, mpakani na Kongo, mbele kidogo ya Bwera. Soko hilo hupokea watu kutoka Kasindi, ng'ambo ya Mto Lhubiriha, wakiwa na vitenge, mafuta ya mawese na maharagwe. Kiswahili, ambacho kwa muda mrefu Waganda wengi walikihusisha na askari, hapa ni lugha ya mkate. Msikilizaji wetu atakuwa nyumbani, ila azoee kusikia "falanga" pale anapotarajia faranga. Kabla ya kukubali bei, uliza ni ya fedha gani, kwa kuwa shilingi ya Uganda, faranga ya Kongo na dola hutumika pamoja, na dola yenye mchaniko hata mdogo inaweza kukataliwa. Kwa kitenge, soma maandishi ya pindoni: kingi kinachoitwa cha Kongo kimetengenezwa China. Hapa kupatana bei ni jambo la kawaida. Salimia kwanza, "Shikamoo mama" au "Habari ya kazi", kisha ndipo uulize. Anayeanza na bei hupewa bei ya mgeni. Ukanda huu wa mpaka umewahi kushambuliwa, kwa uchungu mkubwa mwezi Juni 2023, kwa hiyo uliza hali ya usalama Kasese kabla ya kwenda, na urudi mapema.

Ukiletewa kwa siri jino la kiboko, ukucha wa simba, kipande cha pembe ya ndovu au ngozi, kataa. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 inaruhusu hadi kifungo cha maisha kwa makosa yahusuyo wanyama walio hatarini zaidi, na mkataba wa kimataifa wa CITES humfuata mnunuzi hadi forodha ya nchini kwake. Kusema hukujua hakutakusaidia.

Kuhusu mizigo: vikapu hupachikwa kimoja ndani ya kingine, na shanga hukaa ndani yake. Kahawa iwe kwenye begi la mkononi. Chumvi ya Katwe hunyonya unyevu na kuchuruzika, basi ifungwe kwenye mifuko miwili, mbali na kitenge kipya.