Farasi 280 za Kwenye Karatasi: Jinsi Mafundi wa Japani Walivyoifungua Injini ya Godzilla

Vijana wengi wa mjini wameijua Nissan Skyline GT-R kabla hata ya kuliona gari lenyewe kwa macho. Wameliendesha kwenye PlayStation, wameliona kwenye filamu, wameweka picha yake kwenye wallpaper ya simu. Wanaoifuatilia kwa karibu wanaijua na namba yake pia: farasi 280. R32 ya mwaka 1989, farasi 280. R33 ikaja, farasi 280. R34 ikaja mwaka 1999 ikiwa imeboreshwa huku na kule, bado farasi 280.

Miaka kumi na zaidi, injini ile ile inazidi kunolewa, halafu nguvu haipandi hata farasi mmoja? Kuna kitu hapo.

Japani ya mwishoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa na hela. Viwanda vya magari vilikuwa vinashindana kama wasanii wanaogombea namba moja, kila mmoja anataka gari lake liwe kali kuliko la jirani. Upande wa pili, barabara zilikuwa zinaua. Mwaka 1988 waliokufa kwa ajali nchini humo walipita 10,000, na serikali ikaanza kuwakazia macho wenye viwanda. Magari yalishafungiwa spidi isivuke kilomita 180 kwa saa. Sasa wakubwa wa kampuni wakakubaliana, bila sheria yoyote kupitishwa bungeni, kwamba gari la kuuzwa ndani ya nchi lisitangazwe kuwa na zaidi ya farasi 280. Makubaliano ya kiungwana. Yalidumu mpaka mwaka 2004.

Zingatia neno “lisitangazwe”. Hapo ndipo wahandisi walipopata upenyo, maana kutangaza ni jambo moja na kutengeneza ni jingine.

Injini ya GT-R, RB26DETT, haikutengenezwa kwa ajili ya kwenda sokoni kununua mboga. Ilitengenezwa kushinda mbio. Jina GT-R lilikuwa limelala tangu mwaka 1973, baada ya toleo la pili kuishia magari 197 tu, na waliolifufua walitaka kurudi kwa kishindo. Sheria za mbio za Group A zilisema injini yenye turbo, ukubwa wake uzidishwe kwa 1.7. Hesabu ya kwanza ilikuwa injini ya lita 2.4, lakini gari lenye kusukumwa na magurudumu yote manne likawa zito, na nguvu ile isingetosha. Wakaongeza mpaka sentimita za ujazo 2,568. Zidisha kwa 1.7, unapata kama 4,366, yaani unaingia daraja la chini ya 4,500 bila kugusa ukuta. Silinda sita kwenye mstari mmoja, vali 24, turbo mbili, bloku ya chuma cha kalibu ambacho ni kizito lakini kinavumilia mateso.

Kwenye mbio, injini hiyo hiyo ilitoa zaidi ya farasi 500. Japani, kuanzia 1990 hadi 1993, GT-R ilishinda mbio zote 29 za ubingwa wa Group A. Zote. Australia, ambako gazeti moja la magari ndilo lililolibatiza jina la Godzilla, lilishinda Bathurst mwaka 1991, likaongezewa uzito na kufungiwa vali za kubana presha ya turbo, halafu likashinda tena 1992. Siku hiyo mvua ilinyesha, mbio zikasimamishwa, na gari lililopewa ushindi lilikuwa limeshapata ajali. Mashabiki wa magari ya V8 wakazomea mpaka jukwaani. Dereva mmoja, aliyekuwa ametoka kuambiwa kwamba rafiki yake wa siku nyingi amefariki akiwa ndani ya mbio hizo hizo, aliwarudishia tusi moja zito mbele ya kamera. Watu wanalikumbuka tusi kuliko ushindi.

Sasa rudi gereji. Mteja amenunua GT-R ya barabarani, anaijua historia yote hiyo, na anamuuliza fundi: hizo farasi nyingine mmezificha wapi?

Jibu la kwanza lilichekesha. Ndani ya mpira mwembamba unaopeleka presha ya turbo, kiwanda kilikuwa kimeweka kizuizi kidogo chenye tundu jembamba. Kitoe, rudisha mpira, washa gari. Presha inapanda kutoka kwenye bar 0.7 hivi mpaka karibu na bar moja. Kazi ya dakika chache, bila kununua kitu. Ongeza ekzosi pana, andika upya chipu ya kompyuta ili petroli iendane na hewa, na gari linakuwa jingine kabisa.

Wengi wangeishia hapo wangekula maisha. Shida ni kwamba binadamu akionja farasi 350 anataka 400.

Kilichokuja kupasuka kwanza ni turbo zenyewe. Feni za upande wa moshi zilikuwa za kauri, nyepesi, zinazoamka haraka ukikanyaga mafuta. Kauri, ndugu, ni mambo ya sahani. Presha ikipita bar moja na joto likapanda, feni inaachia shafti na kuvunjika. Ukiwa na bahati vipande vinatoka na moshi. Bahati ikikukataa, vumbi lake linarudi kwenye silinda na hapo unanunua injini. Mafundi wakahamia feni za chuma: zinachelewa kidogo kuamka, lakini zinadumu.

Turbo zikapona, likajitokeza la oili. Kwenye injini za mwanzo, sehemu ya krankishafti inayozungusha pampu ya oili ilikuwa fupi, imeishika gia ya pampu kwa ncha tu. Mtu akiipiga resi mpaka inagonga kikomo mara kwa mara, gia inapasuka, oili inakata, beringi zinaisha ndani ya sekunde. Wenye kujua walivisha krankishafti kola na kuweka gia ngumu. Hata pampu ikiwa nzima, kwenye mizunguko ya juu ilipeleka oili nyingi kichwani kuliko inayoweza kushuka, chini kukabaki kukavu. Dawa yake? Kuweka vizuizi vyenye tundu dogo kwenye njia za oili zinazopanda.

Yaani fundi yule yule aliyeanza kwa kutoa kizuizi kwenye mpira wa turbo, aliishia kukiweka kingine kwenye njia ya oili. Na walioruka hatua hiyo, wakaongeza presha tu kwa sababu rafiki kaongeza, ndio waliorudi nyumbani kwa breakdown. Waliokwenda kwa mpangilio, na mfuko unaoruhusu, walifika farasi 600, na wale wa mbio za mstari mnyoofu wakapita 1,000. Kutoka injini ya karatasi ya 280!

RB26 iliagwa mwaka 2002 pamoja na R34. Miaka 12 baadaye, R32 za kwanza zikatimiza umri wa miaka 25 unaoruhusu kuingizwa Marekani kirahisi, na bei zikapaa. Kijana wa Nairobi hana hata pa kuanzia, maana Kenya hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, ndiyo maana huko mambo yote ni Subaru. Mwaka 2017 Nissan ilianza tena kutoa vipuri vya R32, na wanunuzi wa siku hizi wamegeuza kibao: gari linalolipiwa pesa ndefu zaidi ni lile ambalo halijaguswa. Kuna mafundi leo wanalipwa kurudisha kile kizuizi cha kwenye mpira, ambacho miaka ya tisini kilikuwa kinaishia kwenye pipa la taka.