Kuenea kwa Hifadhidata za Programu Huria katika Taasisi za Umma Nchini Uganda: Mfano wa Sekta ya Afya

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia namna hifadhidata za programu huria zilivyoingia katika taasisi za umma nchini Uganda tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, yakijikita katika mifumo ya taarifa za afya inayosimamiwa kutoka Kampala. Hoja kuu ni kwamba hifadhidata hizo hazikuingia kwa sababu taasisi zilikaa zikachagua hifadhidata. Ziliingia zikiwa zimebebwa ndani ya mifumo ya kazi. Kwa sababu hiyo, gharama ya leseni iliondoka, lakini utegemezi ulibaki, ukahamia kwenye utaalamu, ufadhili na lugha.

Utangulizi

Programu huria ni ile ambayo leseni yake inamruhusu mtumiaji kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza. Kwa upande wa hifadhidata, majina mawili yana uzito katika historia hii. PostgreSQL ina chimbuko lake katika mradi ulioanzishwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. MySQL ilitolewa mwaka 1995 na kampuni ya Sweden. Zote mbili zilikuwa zimekomaa kabla Uganda haijaanza kujenga mifumo mikubwa ya kielektroniki ya serikali.

Njia mbili za kuingia

Njia ya kwanza ilikuwa ya manunuzi. Mfumo wa serikali wa usimamizi wa fedha, ulioanza kujengwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliwekwa juu ya programu za kampuni ya Oracle. Uamuzi wa namna hiyo una mantiki yake: hazina ya taifa huhitaji muuzaji anayewajibika kimkataba mfumo unapokwama. Katika kipindi hichohicho, Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda, Nkozi, kilichukua mwelekeo tofauti kwa kuhamia programu huria. Hata hivyo, uamuzi wa wazi kama huo haukuwa ndio ulioeneza hifadhidata huria nchini.

Njia ya pili ilipitia Wizara ya Afya. Kwa miaka mingi vituo vya afya vilijaza fomu za karatasi, ikiwemo ripoti ya kila mwezi ya wagonjwa wa nje iitwayo HMIS 105, kisha fomu hizo zikapelekwa wilayani na hatimaye Kampala. Mwaka 2011 wizara ilianza majaribio ya DHIS2, mfumo unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na kufikia Julai 2012 ulikuwa umefikishwa katika wilaya zote. Ukamilifu wa ripoti za wagonjwa wa nje ulipanda kutoka takriban asilimia 36 mwaka wa fedha 2011/12 hadi asilimia 85 mwaka 2012/13. Ripoti zilizofika kwa wakati nazo ziliongezeka kutoka asilimia 22 hadi asilimia 78 hivi.

Afisa wa takwimu wilayani aliona fomu kwenye kivinjari. Hakuiona PostgreSQL iliyokuwa chini yake. Hali ilikuwa hivyohivyo kwa OpenMRS, msingi wa mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa uitwao UgandaEMR, na kwa iHRIS, mfumo wa taarifa za watumishi wa afya. Yote miwili ilitumia MySQL. Aliyepokea mfumo alipokea na hifadhidata yake.

Utegemezi uliohama

Januari 2010 Oracle ilikamilisha ununuzi wa kampuni ya Sun Microsystems, iliyokuwa imeinunua MySQL mwaka 2008. Kwa hiyo kampuni iliyoiuzia serikali programu za hazina ikawa pia mmiliki wa hifadhidata iliyotumiwa bila malipo katika kliniki. Kliniki hazikufungwa na badiliko hilo, kwa kuwa leseni huria haifutiki kwa toleo lililokwisha kutolewa, na tawi la MariaDB lilikuwa tayari limeanzishwa mwaka 2009. Hapa ndipo faida ya uhuria inapoonekana: umiliki ulibadilika, haki ya mtumiaji haikubadilika.

Leseni, hata hivyo, hailipi mshahara wa msimamizi wa seva. Mifumo hii ilisimikwa na kutunzwa kwa kiasi kikubwa kwa fedha za wafadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, miradi ya afya katika ukanda mzima ilitikisika. Msimbo ulibaki wazi kwa kila mtu. Swali likawa ni nani atakayelipwa kuutunza. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtwika anayekusanya taarifa wajibu wa kuzilinda, na wajibu huo hauwezi kutimizwa na taasisi isiyo na mtaalamu wa hifadhidata yake yenyewe.

Suala la lugha halijapewa uzito unaostahili. Kenya, Tanzania, Rwanda na Uganda zote zinatumia DHIS2, lakini mafunzo ya kiufundi hutegemea zaidi Kiingereza. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulionyesha tangu miaka ya 2000, kupitia Jambo OpenOffice, kwamba programu huria inaweza kufasiriwa kwa Kiswahili bila kuomba ruhusa ya muuzaji. Mwaka 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini istilahi za fani hii bado hazijasanifiwa: wengine husema hifadhidata, wengine kanzidata.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha kwamba kupokea programu huria ni jambo moja na kuimiliki ni jambo jingine. Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, bajeti za wizara zitenge fungu la kudumu la wasimamizi wa hifadhidata. Pili, kila mkataba wa mfumo utaje hifadhidata inayotumika na namna taarifa zitakavyohamishwa mradi unapokwisha. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na vyuo vikuu kusanifu istilahi na miongozo ya mafunzo, ili fundi wa Kampala na mwenzake wa Dodoma waweze kusaidiana bila mkalimani.