Chasisi ya pamoja na uwezo wa gari porini

Chasisi ya pamoja ni msingi mmoja unaotumiwa kujengea magari ya aina kadhaa. Mfano unaofahamika sana Afrika Mashariki ni mradi wa IMV wa Toyota, uliozinduliwa mwaka 2004 nchini Thailand, ukazaa pikapu ya Hilux, gari la SUV la Fortuner na gari la familia la Innova. Yote matatu yalikaa juu ya fremu ya ngazi, yaani mihimili miwili mirefu ya chuma iliyounganishwa kwa vyuma vya kukingama. Hata hivyo, undugu huo hauthibitishi kwamba gari litapita kwenye tope. Innova ilisukumwa na magurudumu ya nyuma pekee. Hilux na Fortuner zilipatikana zikivuta kwa magurudumu manne, zikiwa na gia za chini za kupunguza mwendo na kuongeza nguvu. Nyuma, Hilux ilibebwa na mabapa ya chuma yaliyopangana, yanayohimili mzigo mzito, ilhali Fortuner ilipewa springi za koili, zinazompunguzia abiria mtikisiko.

Wapo wanaodai kwamba kuchangia chasisi ni kubana matumizi kunakoshusha ubora. Gharama hupungua kweli, lakini fremu iliyokusudiwa kubeba mizigo haidhoofiki kwa kuwekewa bodi ya abiria, na mmiliki hunufaika kwa kuwa vipuri vingi huingiliana. Pingamizi lenye uzito ni jingine: jina humpotosha mnunuzi, maana hata Hilux huuzwa pia ikivuta kwa magurudumu mawili. Kabla ya kununua, chungulia chini: ikiwa hakuna difu ya mbele, yaani gia inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele, gari hilo halivuti kwa magurudumu manne.