Kutoka Msonge hadi Modeli: Historia ya Istilahi za Nyumba na Nishati

Aghalabu historia ya nyumba huandikwa kwa kufuata vifaa vya ujenzi. Katika makala haya tunakusudia kuifuata kwa njia ya maneno, kwani neno lisilo wazi katika hati ya mipango huweza kumgharimu mwananchi fedha, na pengine uhai. Mfano wetu ni Nkwenda, kata ya Wilaya ya Kyerwa mkoani Kagera, wilaya iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012.

Wanyambo, wenyeji wa nchi hiyo, walijenga nyumba ya duara iliyoezekwa kwa nyasi toka kileleni hadi karibu na ardhi. Wao huiita mushonge. Kiswahili kina msonge, neno la ukoo ule ule. Nyasi nene huzuia joto la mchana lisiingie upesi, na joto la jikoni lisitoke upesi usiku, jambo lenye manufaa katika nchi ya vilima yenye baridi ya alfajiri. Sifa hiyo haikuhitaji istilahi, kwa kuwa hakuna aliyeikosa.

Kisha likaja bati. Kampeni za nyumba bora zilizofuata Azimio la Arusha la 1967 zilihimiza wananchi waache nyasi, na bati likawa alama ya maendeleo. Lilizuia mvua na moto kuliko nyasi, lakini lilipitisha joto na baridi bila kipingamizi. Hapa pana mkanganyiko wa lugha unaostahili kuangaliwa. Bati ni jina la madini yaliyochimbwa Kyerwa tangu miaka ya 1920. Tena ni jina la karatasi ya kuezekea, ambayo kwa kweli ni chuma kilichopakwa zinki. Fundi wa Nkwenda hatatizwi na jambo hili, maana yeye hutaja geji na kueleweka. Mfasiri wa ripoti ya madini au ya ujenzi ndiye anayepaswa kuwa macho.

Neno nishati nalo lina safari yake. Asili yake ni Kiarabu, lenye maana ya uchangamfu na utendaji, nasi tukalipa kazi ya kisayansi. Umeme ulikuwa mwanga wa radi kabla ya kuwa wa waya; wengine wakauita stimu, kutokana na mvuke. Maneno hayo mawili yasichanganywe: umeme ni sehemu moja tu ya nishati. Kwa miaka mingi umeme wa sehemu kubwa ya Kagera ulitoka Uganda, lakini chakula kilipikwa kwa kuni na mkaa wa hapo hapo.

Tofauti hiyo yahusu moja kwa moja kazi ya kukadiria matumizi ya nishati ya miji. Kazi hiyo ilipata nguvu katika nchi za viwanda baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973. Wataalamu huingiza katika kompyuta sifa za kuta, paa na madirisha, hali ya hewa na mwenendo wa wakazi; hesabu ikikamilika kwa aina moja ya nyumba, huzidishwa kwa idadi ya nyumba za aina hiyo, na hatimaye mji mzima hupimwa kabla ya tofali moja kuguswa. Mfano wa namna hiyo twauita modeli, kwani neno mfano limeelemewa na kazi nyingi. Basi, mfasiri akiandika umeme mahali pa nishati, modeli ya mji mdogo kama Nkwenda itaacha nje mafiga na majiko ya mkaa, yaani sehemu kubwa ya jambo lenyewe. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, umetumia neno pana, na umefanya vyema.

Neno la mwisho ndilo zito zaidi. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Kila kazi iliyofuata iliweza kuitwa ukarabati. Lakini kurudisha ukuta ulivyokuwa ni kuurudishia na udhaifu wake; kuufunga kwa lenta ambayo haukuwa nayo ni jambo jingine. Vivyo hivyo, kubadili bati lililotoboka si sawa na kuweka dari chini yake ili kuzuia joto.

Kwa hiyo twapendekeza ngazi tatu: matengenezo, yaani kulitunza jengo lisiharibike, ukarabati, yaani kulirudisha katika hali yake ya awali, na uboreshaji, yaani kulipa jengo la zamani sifa ambayo halikuwa nayo. Watumishi wanaoandika zabuni, walimu na wafasiri wakizitenga ngazi hizi, mwenye nyumba atajua analipia nini. Msonge ulikuwa na kinga yake toka siku ya kwanza. Nyumba ya bati yangoja kuongezewa yake, na kazi hiyo hapana budi iitwe kwa jina lake.