Siku Los Angeles Ilipoisubiri Har-Magedoni ya Magari

Wadau, juzi nimechelewa kazini saa nzima na nusu. Daladala yetu ilifika mahali tukakuta mapipa yamepangwa, nusu ya barabara imefungwa na katapila limekaa katikati kama mwenye nyumba. Konda wetu akatoa kichwa nje, akamuuliza konda wa gari lililokuwa linarudi: vipi huko? Akajibiwa: msijaribu, zungukeni. Tukazunguka.

Nilipofika ofisini (mhariri kanuna, ila hayo tuyaache) nikawa na hasira ya kutaka kujua wenzetu wenye kompyuta hadi kwenye taa za barabarani hufanyaje wakitengeneza barabara. Nikasoma habari za Los Angeles, Marekani. Nilichokikuta sicho nilichokitegemea.

Tuanzie mwaka 1984. Jiji lile lilikuwa mwenyeji wa michezo ya Olimpiki, na wakubwa waliogopa foleni kuliko walivyowaogopa wanariadha wa nje. Ndipo wakafunga mtambo uitwao ATSAC. Ulianza na makutano 118 tu, maeneo ya jirani na viwanja vya michezo. Chini ya lami walifukia nyaya zilizozungushwa kama kitanzi. Gari likipita juu yake, chuma chake kinabadili hali ya umeme kwenye waya, na kompyuta inajua kuna gari, hivyo inaweza kuhesabu magari na kukadiria mwendo wake. Upande wenye msururu unaongezewa muda wa taa ya kijani, upande mtupu unapunguziwa. Hakuna trafiki wa kupiga filimbi katikati. Kufikia mwaka 2013 taa zote za jiji, makutano yapatayo 4,400, zilikuwa zimeunganishwa kwenye mtambo huo. Kwetu hapa Dar taa zinaweza kuwaka vizuri kabisa, na bado afande anasimama chini yake anaita magari kwa mkono!

Lakini barabara iliyoleta kizaazaa haikuwa ya mitaani. Ilikuwa barabara kuu ya I-405, inayopita katikati ya milima mahali paitwapo Sepulveda Pass. Wikiendi ya kawaida ilikuwa inapitisha magari kama laki 5. Serikali ikataka kuipanua, kuongeza njia ya magari yenye abiria zaidi ya mmoja. Daraja la Mulholland lililopita juu yake likawa kikwazo, lazima livunjwe, nusu kwanza kisha nusu nyingine. Huwezi kuangusha zege juu ya vichwa vya watu wanaoendesha. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba kuanzia usiku wa Ijumaa, tarehe 15 Julai 2011, kilomita 16 za barabara zitafungwa kwa saa 53, hadi Jumatatu saa 11 alfajiri.

Watu wakaingiwa na kiwewe. Wakaipa siku hiyo jina la Carmageddon, yaani magari yamekutana na ile Har-Magedoni ya kitabu cha Ufunuo.

Sasa jiulize, ule mtambo wa taa ungesaidia nini hapo? Kidogo. Taa hugawa nafasi iliyopo, haiongezi nafasi. Njia ya kando, Sepulveda Boulevard, isingeweza kumeza magari ya barabara kuu hata uipe kijani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Lililobaki ni kupunguza magari yenyewe, na gari halipunguzwi likishafika kwenye mapipa. Hupunguzwa likiwa bado nyumbani, mwenyewe anakunywa chai.

Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya, wiki kadhaa kabla. Mabango ya umeme ya barabarani yalitangaza tarehe ya kufungwa, hata yale yaliyo mbali na jiji, ili wasafiri wabadili ratiba mapema. Polisi waliwaomba mastaa wenye wafuasi wengi Twitter, akiwemo Ashton Kutcher, wasambaze ujumbe. Waze, programu ya simu iliyozaliwa Israel ambayo madereva wenyewe huambiana foleni iko wapi, ikaungana na kituo cha televisheni cha KABC, mchoro wa foleni ukawa unaonekana sebuleni kwa watu. Baadhi ya treni na mabasi yalifanywa ya bure wikiendi hiyo. Na mkataba wa mkandarasi ulikuwa na meno: dola 6,000 kwa kila dakika 10 za kuchelewa. (Hiki kipengele nakipenda mno.)

Wikiendi ikafika, foleni haikuja. Barabara zilikuwa nyeupe! Shirika la ndege la JetBlue liliuza tiketi za dola 4 kutoka Burbank hadi Long Beach, ng'ambo na ng'ambo ya jiji hilohilo, na kikundi cha waendesha baiskeli kikashindana na ndege hiyo kikashinda, ukihesabu muda wa kwenda uwanjani na kukaguliwa. Daraja likavunjwa haraka kuliko ilivyopangwa, barabara ikafunguliwa Jumapili kabla ya adhuhuri, saa kama 17 kabla ya muda. Watafiti wa chuo kikuu cha UCLA walipima hewa jirani na barabara hiyo wakakuta imekuwa safi kwa asilimia 83 zaidi ya wikiendi za kawaida.

Nusu ya pili ilivunjwa tarehe 29 na 30 Septemba 2012. Wakubwa walikuwa na hofu kwamba safari hii watu watapuuza, kwa kuwa mara ya kwanza walitishiwa simba akatokea paka. Hawakupuuza. Mambo yakapita salama tena.

Kisha likaja la kuchekesha, au la kuliza, inategemea unalipia kodi wapi. Njia mpya ilifunguliwa mwaka 2014, mradi umekula zaidi ya dola bilioni 1. Safari ya jioni ilipopimwa, haikuwa imefupika. Hakukuwa tena na bango wala staa wa kuwaambia watu wabaki nyumbani, nao wakatoka wote.

Nimerudi kumfikiria konda wetu. Daladala nzima tulikuwa na simu mkononi, wengine wanasoma magazeti humohumo. Yeye alijua barabara imefungwa saa moja asubuhi, tukiwa tumeshafika kwenye mapipa. Aliyelileta katapila lile alijua tangu siku alipolikodi.